Risala kwa Mgeni Rasmi, Mzee wa Jarana

Mzee wetu mgeni rasmi, uliyetoka Veracruz, Meksiko, na muziki wenu wa son jarocho unaopigwa kwa jarana, ala ya nyuzi kama gitaa dogo. Wanao na wajukuu zako mliokuja na ala zenu. Viongozi wa umoja wetu wa Waswahili hapa Los Angeles. Wazazi na watoto: shikamooni, na assalaam aleikum.

Mzee, tulipokualika uliuliza jambo moja tu: pana ubao wa kuchezea? Tumeutengeneza wenyewe, huo hapo katikati ya ukumbi. Tumeshajifunza kwako kwamba tarima, yaani ubao huo, ni ngoma, ila hupigwa kwa miguu.

Tangu mwaka jana watoto wetu saba wanakuja kwenu kila Jumamosi. Tuliwaleta wajifunze kucheza, wakarudi na habari za kale. Wametusimulia kuhusu jarana inayochongwa kutoka gogo moja la mwerezi, na utaya wa punda ambao meno yake yakitikisika huwa ala. Wametusimulia kuhusu Yanga, Mwafrika aliyewaongoza watumwa waliotorokea milimani na kupambana na Wahispania mwaka 1609. Mji wenye jina lake upo hadi leo. Mwaka 1766 El Chuchumbé, wimbo wa watu weusi na machotara wa bandarini, ulishtakiwa mbele ya Inkwizisheni, mahakama ya Kanisa Katoliki ya kusaka uzushi, na kupigwa marufuku. Huo ndio ukoo wa son jarocho.

Lililotugusa kuliko yote ni beti zenu. Mwalimu mmoja miongoni mwetu alihesabu silabi, akapata nane kwa mstari. Mzee, sisi tumelelewa na mizani nane! Kipande nane, mshororo kumi na sita. Tena kwenu mmoja akitoa ubeti mwenzake humjibu papo hapo, kama wazee wetu wa Lamu na Tanga walivyojibizana. Asili ni mbalimbali, yenu ina Uhispania ndani yake, lakini masikio ya watoto hayakuona ugeni.

Tuna uchungu mmoja. Ngoma zetu watoto wanaziona harusini tu, wamekaa vitini, simu mkononi. Kwenu mjukuu husimama nyuma ya babu na jarana ndogo iitwayo mosquito, akapiga anachokiweza, wala hafukuzwi. Nanyi mliwahi kukaribia kupoteza: vijana wa kundi la Mono Blanco walipoanza mwaka 1977, fandango, yaani sherehe za kupiga na kucheza muziki huu, zilikuwa zimepungua sana vijijini, nao wakamfuata mzee Arcadio Hidalgo, mpiga jarana aliyeshavuka miaka 80, awafundishe.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Jumamosi zijazo utupokee na sisi wazazi, tusimame nyuma ya watoto wetu. Na tarehe 2 Februari, mtakapoiadhimisha Candelaria, sikukuu ya Bikira Maria, kama ndugu zenu wa mji wa Tlacotalpan kule Veracruz, turuhusu tuje na ubeti wa Kiswahili.

Ubeti wenyewe umeshatungwa na binti wa miaka tisa, mizani nane kamili. Yuko tayari kuuimba sasa hivi, ukikubali kumpigia jarana.

Tunaomba kuwasilisha.