Kikombe Chako cha Bát Tràng Kimeyeyuka kwa Sababu Kilikuwa Kibichi

Wiki iliyopita mama mmoja wa Dodoma alinitumia sauti ya dakika nne kwa WhatsApp. Yeye na mumewe walikuja Vietnam kwa mambo ya korosho, wakamaliza shughuli zao kusini, wakapanda Hanoi kwa siku mbili kabla ya kurudi nyumbani. Kazi yangu ni kutembeza wageni huku, nami niliwapeleka Bát Tràng. Alikaa kwenye gurudumu la mfinyanzi saa nzima, akatoa kikombe kizuri chenye mkono, akakichora samaki. Alipofika nyumbani akakiweka kwenye beseni akioshe, kikalainika, mkono ukatoka, na samaki akaishia kuwa tope. Mwisho wa ile sauti aliniita tapeli.

Mama, nakuheshimu, na ninajua ulikipenda kile kikombe. Lakini neno hilo sikubali libaki bila jibu, kwa sababu wewe si wa kwanza. Kila msimu napata wawili watatu wenye lalamiko hilihili, na wote walifanya jambo moja: walikataa kulipia kikombe kichomwe tanurini.

Kwa wasiopajua, Bát Tràng ni kijiji cha wafinyanzi ng'ambo ya Mto Mwekundu, mwendo mfupi tu kutoka katikati ya Hanoi. Wenyeji husimulia kwamba mababu zao walitoka Bồ Bát, upande wa Ninh Bình, wakaufuata mji mkuu mfalme Lý Thái Tổ alipouhamishia Thăng Long, yaani Hanoi ya leo, mwaka 1010. Tangu hapo ni bakuli, mitungi, matofali na vyombo vya madhabahu ya mababu, kizazi hadi kizazi. Ukipita vichochoro vya zamani bado utaona kuta ambazo watu walizibandika mabonge bapa ya makaa ya mawe yakauke, enzi tanuri zikila makaa. Siku hizi karibu wote wanachoma kwa gesi, na hewa ya kijiji imekuwa safi zaidi.

Sasa wageni wengi wanaishia kwenye vibanda vya kufinyanga karibu na soko. Unalipa kidogo, unapewa bonge la udongo, gurudumu na mtu wa kukushika mkono. Ukimaliza, kazi yako inawekwa karibu na moto au chini ya feni ya joto, inakauka juujuu, unapewa rangi za kuchezea, unapaka, unafungiwa kwenye mfuko na kuondoka nayo siku hiyohiyo. Hakuna aliyekudanganya pale. Ni mchezo, na bei yake ni ya mchezo. Shida inaanza pale unapodhani umebeba chombo.

Udongo uliokauka ni udongo uliokauka. Maji yaliyotoka ni yale ya kulainishia tu. Yapo mengine yaliyofungwa ndani ya chembe zenyewe za udongo, na hayo hayatoki mpaka joto lipite nyuzi 500 hivi. Kabla ya hapo, hata ukianika kikombe mwaka mzima juani, ukikitia maji kinarudi kuwa tope. Kwetu tunakiita kibichi. Bibi yangu alikuwa mfinyanzi wa Kikisi kule Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa. Alichoma vyungu vyake nje, kwa kuni na nyasi, bila tanuri wala gesi, na hajawahi hata siku moja kupeleka chungu kibichi sokoni Matema. Nimekua nikijua hivyo, ndiyo maana naudhika nikiambiwa kuchoma ni "nyongeza ya kutafutia hela".

Bát Tràng wanachoma hadi nyuzi 1,200 na zaidi. Wana msemo wao: nhất xương, nhì da, thứ ba dạc lò. Kwanza mfupa, pili ngozi, tatu tanuri. Mfupa ni udongo wenyewe. Zamani walikuwa na matangi manne kwa kazi hiyo: la kulowekea, la kuchujia, la kuanikia na la kuvundikia, na udongo mweupe wa Trúc Thôn ulikaa humo mpaka mwenye kazi aridhike nao. Ngozi ni ule mng'ao wa juu, wenyewe wanauita men. Halafu tanuri, ambayo inaweza kuharibu yote mawili. Fundi ninayefanya naye kazi, mama wa makamo ambaye namwita Bác kama wanavyowaita wakubwa kule, hafungui mlango wa tanuri hadi aguse ukuta wa nje kwa mgongo wa mkono. Nimemwona akiwakatalia wanunuzi waliokuja na lori.

Kwa hiyo mteja akiniuliza kwa nini kikombe kimoja kinachukua wiki nzima, jibu ni hili. Lazima kwanza kikauke polepole hadi ndani, maana kikiingia na unyevu kinapasuka motoni, na vipande vyake vinaharibu vya jirani. Kisha kipakwe ngozi, kisha kingoje tanuri ijae, kwa sababu hakuna mtu anayewasha gesi kwa ajili ya kikombe chako peke yake. Moto wenyewe unakula nusu siku hadi siku nzima, halafu kuna kupoa. Ukija kati ya Februari na Aprili, ongeza siku. Huo ni msimu wanaouita nồm: manyunyu hayakatiki, sakafu zinatoka jasho, nguo hazikauki, na udongo ndiyo kabisa. Kabla ya Tết, mwaka mpya wa Kivietnam, tanuri zimejaa vyombo vya madhabahu na hakuna nafasi ya vikombe vya wageni. Wakati wa Tết kijiji kizima kimefunga.

Mama wa Dodoma nilimweleza yote haya tukiwa tumesimama palepale kibandani. Nilimwambia atumie rangi za tanuri, akiache, mimi nitarudi kukichukua na kumtumia. Akauliza bei, nikamtajia, akasema atakichomea nyumbani kwenye oveni ya keki. Oveni ya keki inafika nyuzi 250. Na rangi aliyopaka ilikuwa ya maji, ya mchezo, ambayo tanuri la kweli lingeiunguza yote. Nilisema mara mbili. Mara ya tatu niliona namkera, nikanyamaza, na hapo ndipo ninapojilaumu kidogo. Sasa nimebadilisha utaratibu: anayechagua kubeba kibichi namwandikia kwa kalamu chini ya mfuko, "kisiguse maji".

Bei yangu ni dola 40 kwa siku, mgeni mmoja au wawili. Wapo wanaoniambia basi namba 47A linatoka kituo cha Long Biên, Hanoi, hadi kijijini kwa hela ya maandazi. Ni kweli, na mwenye siku ya kutalii tu namshauri alipande. Mimi hunilipi kwa kukuonyesha njia. Unanilipa kwa safari ya pili, ile ambayo wewe hauko: kurudi baada ya wiki, kukitafuta kikombe chako kati ya mia mbili, kukigonga, kukijaza maji nione kama kinavuja, kukifunga na kukifikisha kwa mtu anayesafiri au kwenye mzigo wa meli. Kuchoma kunalipwa kwa Bác mwenyewe, na risiti nakupa.

Kukitafuta si jambo dogo. Rangi ya bluu ya hapa, ikipakwa, inaonekana ya kijivu kilichofifia, karibu na masizi. Moto ndio unaoitoa bluu. Kuna binti wa miaka tisa, familia yake inaishi Nairobi, aliyelia nilipompelekea bakuli lake. Alisema yeye alipaka kijivu, na lake lilikuwa kubwa zaidi. Ni kweli lilikuwa kubwa zaidi, udongo husinyaa motoni, karibu sehemu moja ya kumi. Niligeuza bakuli, akaona jina lake alilochora chini kwa msumari, akatulia. Tangu siku hiyo kila mtu anachora jina chini kabla hajaondoka kwenye gurudumu, hata mzee wa miaka sabini.

Kusinyaa huko kumewahi kunigharimu. Mteja mmoja alifinyanga birika, akaliacha lichomwe, kifuniko akakibeba kibichi kwa kuwa alitaka kuwaonyesha wenzake hotelini. Akakileta baada ya birika kutoka tanurini. Unaweza kukisia: kifuniko kilikuwa kikubwa kama kofia ya baba kwa mtoto. Nililipia kutengenezwa kingine.

Kuna lalamiko jingine, la ndugu zetu wa Unguja hasa, ambao macho yao yamezoea sahani nzuri za kale. Unanunua chombo cha men rạn, yaani chenye ngozi ya nyufanyufa, ukifika nyumbani mtu anakuambia kimepasuka, unanipigia simu. Hakijapasuka. Ngozi ya rạn imeundwa isinyae zaidi ya mfupa chombo kinapopoa, ikagawanyika nyufa nyembamba kama utando, na mafundi huzijaza rangi nyeusi au ya kahawia zionekane. Ni kazi ngumu kuliko nyeupe tupu, na bei yake inasema hivyo. Kigonge kwa ukucha. Kizima kinalia wazi, sauti inakaa. Chenye ufa wa kweli kinatoa sauti iliyokufa, kama kugonga kibuyu chenye maji.

Kugonga huko ndiko kungemwokoa kaka wa Mombasa aliyekuwa akifungua mgahawa. Alitaka bakuli 40, akaona bei ya Bác, akaenda mwenyewe sokoni akapata za mafungu kwa chini ya nusu. Za mafungu nyingi ni zile zilizokataliwa tanurini, na si kila kilichopo sokoni kimechomwa kijijini. Akazifunga kwa nguo kwenye masanduku mawili. Zilifika 23, na kati ya hizo sita zilikuwa zinavuja mchuzi mezani. Mwaka uliofuata alirudi kwangu. Tulifunga kila bakuli peke yake, zikasimama wima kwa ukingo na wala hazikulala moja juu ya nyingine, nyasi kavu kati yake, katoni ndani ya kreti, kreti ikachangia kontena kutoka bandari ya Haiphong. Mbao za kreti lazima ziwe zimepikwa kwa joto na kupigwa muhuri, la sivyo bandarini mzigo unazuiwa kwa sababu ya wadudu, na ada ya kukaa bandarini inaweza kuzidi bei ya bakuli. Alilipa zaidi, na zilifika zote 40.

Mama wa Dodoma, samaki wako siwezi kumrudisha. Lakini picha uliyopiga siku ile ninayo, na binti wa Bác anachora vizuri. Ukiniruhusu, atakuchorea samaki yuleyule kwenye kikombe cha tanuri, kuchoma nalipa mimi.

Kwa wengine wanaopanga kuja: kabla hujaniuliza bei, nitumie tarehe ya kuingia Hanoi na ya kutoka. Ukiwa na siku nane, Bát Tràng iwe siku ya kwanza, utaondoka na chombo chako mkononi. Ukiwa na siku mbili, niachie anwani.