Kura Kabla ya Data: Barua kwa Rafiki Yangu Daktari

Dar es Salaam,
9 Machi.

Rafiki yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote wa hapa nyumbani. Barua yako ilinifikia Ijumaa, nikaisoma mara mbili usiku ule ule, kwa kuwa habari ya utafiti wako wa kwanza, tena wa vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari, nimekuwa nikiisubiri tangu tulipoachana chuoni, wewe ukielekea wodini na mimi kiwandani. Umeniomba kwamba ukishakusanya data za wagonjwa 40, yaani 20 waliofungwa vidonda kwa asali na 20 waliofungwa kwa shashi yenye maji ya chumvi, nikusaidie kuzichambua. Nitakusaidia kwa moyo wote, lakini nakusihi unikubalie nianze sasa, kabla mgonjwa wa kwanza hajaandikwa daftarini, maana sehemu kubwa ya kazi ya takwimu hufanyika wakati wa kupanga jaribio, na ikikosekana hapo hakuna hesabu ya baadaye inayoweza kuifidia.

Umeuliza pia, kwa upole wako wa siku zote, kama njia za mhandisi wa kemikali zinafaa kwa wagonjwa. Kipimo kile cha t mnachokitumia katika makala zenu kuamua kama tofauti ya wastani wa makundi mawili yaweza kuwa ya bahati tu kilibuniwa na mkemia wa kiwanda cha bia. William Sealy Gosset alikuwa mwajiriwa wa Guinness huko Dublin, na tatizo lililomsumbua ni kwamba sampuli zake zilikuwa chache mno kwa kanuni za wakati ule. Mwaka 1908 alichapisha ufumbuzi wake kwa jina la Student, na mfano aliouchagua kuueleza haukutoka kwenye mapipa ya bia: ulitoka kwa wagonjwa 10 waliokuwa wamejaribiwa dawa za kuleta usingizi. Kwa hiyo fani zetu zilikutana zamani, hata kabla ya babu zetu kuzaliwa.

Yuko na mwingine ambaye habari zake huwa nazirudia kila ninapokwama. George Box alikuwa mwanafunzi wa kemia nchini Uingereza Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, naye jeshi likampeleka Porton Down, mahali palipochunguzwa gesi za sumu na tiba za waliodhurika nazo. Majibu ya majaribio yake kwa wanyama yalipishana kiasi kwamba hakuweza kusema lolote kwa uhakika. Akamweleza mkuu wake kwamba panahitajika mtaalamu wa takwimu. Mtaalamu hakupatikana, na Box akaambiwa ajifunze mwenyewe. Alisoma vitabu vya mwanatakwimu Ronald Fisher, na maswali yalipomshinda akasafiri kwenda kumwona. Fisher alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya utafiti ya Rothamsted, na huko ndiko alikokomaza mawazo mawili ambayo barua hii yote inayazunguka: kwamba kura ndiyo iamue ni kipande kipi cha shamba kipate mbolea ipi, na kwamba mambo kadhaa yanaweza kujaribiwa kwa pamoja badala ya moja baada ya jingine. Baada ya vita Box aliajiriwa na kampuni ya kemikali ya ICI, na mwaka 1951 yeye na K. B. Wilson wakachapisha njia ya kuutafutia mtambo hali iliyo bora kwa majaribio machache yaliyopangwa, mfano wa mtu anayepanda mlima gizani: anapapasa pande zote za pale aliposimama, anatambua upande unaopanda, anasogea, kisha anapapasa tena.

Sasa nikueleze yaliyonipata mimi, maana hayo ndiyo yanayonifanya nikuandikie kwa msisitizo huu. Katika mwaka wangu wa tatu kazini nilikuwa kwenye kiwanda kimoja cha kusafisha mafuta ya alizeti. Ili kuyaondolea rangi, mafuta ghafi hukorogwa na udongo maalumu unaoinasa rangi hiyo, na mambo matatu hutawala kazi yenyewe: joto, muda wa kukoroga, na kiasi cha udongo. Udongo huo ni ghali, na kila unapotupwa huondoka na mafuta uliyoyafyonza, kwa hiyo nilitumwa nitafute namna ya kuupunguza. Nilifanya kama tulivyofundishwa tangu sekondari, nikashikilia mambo mawili na kubadilisha moja. Wiki ya kwanza niliendesha joto la chini, wiki ya pili joto la juu. Mafuta ya wiki ya pili yakatoka meupe zaidi, nikaandika ripoti kwamba joto ndilo lenye nguvu, na mtambo ukaendeshwa kwa joto hilo miezi kadhaa. Baadaye ikabainika kwamba kati ya wiki zile mbili uliingia mzigo mpya wa mbegu, tena safi kuliko ule wa kwanza. Tofauti niliyolipa joto sifa yake ilikuwa, kwa sehemu kubwa, tofauti ya shamba moja na jingine. Jambo hili linaniuma hadi leo, kwa sababu hesabu zangu zote zilikuwa sahihi. Namba nilizozijumlisha kwa uangalifu hazikuwa na jibu la swali nililoliuliza.

Msimamizi wa maabara yetu, mzee aliyekaribia kustaafu, hakunigombeza. Alinichorea mchemraba kwenye karatasi. Kila jambo kati ya yale matatu lipewe viwango viwili, cha chini na cha juu. Mchemraba una pembe 8, na kila pembe ni bechi moja, yaani mkupuo mmoja wa mafuta unaosafishwa kwa mchanganyiko wake wa viwango. Mpangilio wa bechi tuliuamua kwa vikaratasi vilivyokunjwa ndani ya bakuli, na kila mzigo wa mbegu tukaupangia bechi 4 zilizosawazishwa, ili mzigo mmoja usije ukalibeba joto la juu lote peke yake. Tazama faida yake. Ukitaka kujua athari ya joto, unalinganisha bechi 4 za joto la juu na 4 za joto la chini. Ukitaka athari ya muda, bechi zile zile 8 unazigawa upya, 4 kwa 4. Na ya udongo vivyo hivyo. Kwa njia yangu ya awali ningehitaji bechi 16 kupata uhakika ule ule kwa mambo hayo matatu. Tena njia yangu ya awali isingenionyesha kamwe lile tulilolikuta: kwenye joto la chini, kuongeza muda kulizidi kuyang'arisha mafuta, lakini kwenye joto la juu muda ule ule uliyarudisha nyuma, kwa kuwa mafuta yanayokaa mno kwenye joto kali huanza kushikana na oksijeni na rangi hujirudia. Huu ndio mwingiliano. Hukuti jibu la swali «joto ni zuri au baya?» mpaka uulize kwanza muda ni upi.

Ndiyo maana nilipofika kwenye ukurasa wa pili wa barua yako nilisita. Unasema asali watapewa wanaokuja kliniki Jumatatu na Jumatano, na shashi wanaokuja Jumanne na Alhamisi. Naelewa kwa nini, kwa sababu ni rahisi kwa wauguzi. Lakini wanaokuja siku ya gulio hawafanani na wanaokuja siku nyingine. Wanatoka mbali zaidi, pengine wamechelewa zaidi, na kidonda kilichochelewa ni sawa na ule mzigo wangu wa mbegu chafu. Liko pia jambo la pili, zito kuliko hilo. Muuguzi anayejua kwamba kesho ni siku ya asali, naye anaamini asali inaponya, atamwambia mama mwenye kidonda kibaya arudi kesho. Atafanya hivyo kwa huruma kabisa, na kwa huruma hiyo wagonjwa wenye vidonda vibaya watarundikana upande mmoja wa utafiti wako.

Mwaka 1948, Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilipochapisha jaribio la streptomisini kwa kifua kikuu, ambalo mpango wake wa takwimu ulikuwa wa Austin Bradford Hill, mgao uliamuliwa kwa namba za nasibu zilizofichwa ndani ya bahasha zilizofungwa, na daktari hakujua mgonjwa anaangukia wapi mpaka ameshakubaliwa kuingia. Wagonjwa walikuwa 107. Kati ya 55 waliopewa dawa pamoja na mapumziko ya kitandani, 4 walifariki ndani ya miezi 6. Kati ya 52 waliopata mapumziko peke yake, walifariki 14. Dawa yenyewe ilikuwa haba, haikuweza kuwafikia wote, na kwa hali hiyo kura ilikuwa pia njia ya haki ya kugawa. Jaribio hilo hilo lilionyesha vimelea vikijenga usugu dhidi ya dawa ikitolewa peke yake. Kutoka hapo ndipo ilipoanza safari ya kuchanganya dawa, safari iliyopita hapa kwetu Afrika Mashariki miaka ya 1970, pale wagonjwa wa nchi zetu waliposhiriki majaribio yaliyothibitisha kwamba tiba ya kifua kikuu inaweza kufupishwa hadi miezi 6 ikiwa na rifampisini ndani yake. Kila unapomwandikia mgonjwa dozi ya miezi 6, unaandika matokeo ya kura zilizopigwa kwa ajili ya watu wa kwetu.

Najua utaniambia kwamba daktari mwenye uzoefu huona kwa macho kipi kinafanya kazi. Naheshimu macho yako. Ila kumbuka jaribio la FEAST, lililofanyika Kenya, Uganda na hapa Tanzania, pamoja na hospitali ya Muheza mkoani Tanga. Swali lake lilikuwa kama mtoto mwenye homa kali na dalili za mshtuko, yaani damu kushindwa kuzunguka vizuri mwilini, apewe dripu ya maji mengi kwa haraka. Watu wengi waliona jibu liko wazi, na kwa macho, watoto wengi waliopewa maji hayo walionekana kupata nafuu mapema. Watoto 3,141 waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Ndani ya saa 48, kati ya waliopewa albumini, yaani maji yenye protini ya damu, walifariki 10.6 katika kila 100. Waliopewa maji ya chumvi, 10.5, na wale wasiopewa maji hayo ya haraka, 7.3. Jaribio likasimamishwa kabla ya idadi iliyokusudiwa kutimia, na matokeo yakatangazwa mwaka 2011. Watoto wenye kuharisha hawakuhusishwa, na ni muhimu hilo lisisahaulike. Fikiri sasa daktari mmoja aliyewatibu watoto 30 kwa maji na 30 bila maji: kwa wastani angeona vifo 3 upande mmoja na 2 upande wa pili. Ni macho gani yangeweza kuitambua tofauti hiyo?

Hapo ndipo kiwanda na wodi vinapoachana, nami nalikiri. Bechi ikiharibika tunairudisha tangini. Mgonjwa harudishwi popote. Kwa hiyo kabla ya kuanza, zaidi ya ridhaa ya mgonjwa na kibali cha kamati ya maadili, waandikwe watu wasiohusika na utafiti watakaozitazama namba katikati ya safari wakiwa na mamlaka ya kuusimamisha, na kiwango cha kuusimamisha kiandikwe mapema, wakati hakuna bado anayejua upande gani unaongoza.

Sasa kuhusu wale wagonjwa 40. Tuseme kwa shashi vidonda vya wagonjwa 50 katika kila 100 hupona ndani ya wiki 12, nawe unatumaini asali itafikisha 67. Hata kama tumaini lako ni la kweli, ukiwa na wagonjwa 20 kila upande utaigundua tofauti hiyo mara 1 tu katika kila utafiti 5 wa aina hiyo. Mara 4 zilizobaki utaandika kwamba asali haina faida, na daktari mwingine atakusoma na kukuamini. Ukitaka kuigundua mara 4 katika 5, unahitaji wagonjwa wapatao 130 kila upande. Najua idadi hiyo ni mzigo kwa kliniki yako, na ndiyo sababu nakuletea ule mchemraba, safari hii ukiwa mraba tu. Uliandika kwamba unajiuliza pia kama kidonda kifunguliwe kila siku au kila baada ya siku mbili. Usilisubirishe swali hilo hadi utafiti wa pili. Weka makundi manne: asali kila siku, asali kila siku mbili, shashi kila siku, shashi kila siku mbili. Wagonjwa wale wale 260 watajibu maswali yote mawili, kila mmoja akihesabiwa mara mbili bila kuongezewa adha yoyote. Nisikufiche: kuupima mwingiliano wenyewe, yaani kama asali hufaa zaidi ikibadilishwa kila siku, kwa uhakika ule ule kungehitaji wagonjwa yapata mara 4. Hata hivyo utakuwa umeuona kwa mbali, na mwenye kliniki kubwa atajua pa kuanzia.

Wagawe kwanza kwa ukubwa wa kidonda, vidogo na vikubwa, kisha kura ipigwe ndani ya kila fungu. Bahasha ziwe nzito zisizoonyesha ndani, zenye namba za mfululizo, na zitunzwe na mtu asiyewafunga wagonjwa vidonda. Vidonda vipigwe picha pamoja na rula, na picha zipimwe na mtu asiyejua nani alipata nini.

Naomba uniandikie mambo matatu: wagonjwa wapya wa vidonda wanaokuja kwa mwezi, wangapi kati yao hupotea kabla ya wiki 12, na kama hospitali ya jirani ingekubali kushirikiana nawe. Nikiyapata nitaandaa orodha ya kura na kukutumia bahasha zikiwa zimeshafungwa. Tafadhali usimwandikishe mgonjwa yeyote mpaka zikufikie.

Nisalimie sana mama na watoto.

Mimi rafiki yako wa siku zote.