Nenda kwa shangazi yako kwanza

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Barua yako tumeipata, baba yako kaisoma yote mwenyewe, hataki kusomewa. Safari ya North Dakota, huko Marekani, kutafuta habari za ukoo wa baba yako umeipanga vizuri: ofisi ya kaunti, makaburi, kanisa. Shangazi yako umemtaja mstari mmoja, tena mwishoni, eti "nikipata nafasi". Nafasi gani? Bibi wa miaka tisini huyo. Nenda kwake kwanza.

Kazi yako siidharau. Kulipata lile jalada la shamba kutoka Washington si mchezo. Mimi nilidhani ile sheria ya Marekani ya 1862 iligawa ekari 160 za ardhi bure, anayetaka achukue. Kumbe yule mzee wa ukoo aliyetoka Norwei alitakiwa akae pale miaka mitano, ajenge, alime, majirani waje kumshuhudia, na kwa kuwa ni mgeni aonyeshe na karatasi za uraia. Baba yako alipofika pale panaposema nyumba yao ya kwanza ilikuwa ya mabonge ya udongo na nyasi, alinyamaza mpaka kesho yake.

Kwenye majina umenichekesha. Eti mtoto na baba hawafanani jina la mwisho! Babu yako mzaa mimi ni Salim Juma, baba yake Juma Hamisi. Ulipotea lini hapo? Wanorwei wa zamani ni hivyohivyo: Hans mwana wa Ole ni Hans Olsen, na mwanawe Ole ataitwa Ole Hansen. Kinachosumbua ni jina la shamba walilolibandika juu yake, maana mtu akihama shamba na jina hilo huweza kubadilika.

Sasa wale watoto watatu waliokufa. Sensa ya 1900 inasema mama yao kazaa wanane, walio hai watano. Unawatafuta kwenye sensa ya 1890, nayo karibu yote iliharibika kwa moto wa 1921. Aliyezaliwa na kufa kati ya sensa ya 1880 na hiyo ya 1900 utamwonea wapi? Labda kitabu cha kanisa, kama mchungaji alimwandika. Lakini shangazi yako anawajua. Mama mkwe alinionyesha mahali penyewe, nyuma ya kanisa, hapana hata jiwe, na shangazi yako alikuwa pembeni anamsahihisha majina. Mimi sikuyashika, nilikuwa na baridi na hasira zangu siku ile.

Mimi na yeye tuna yetu, wewe hayakuhusu. Mwamkie, kula anachokupikia, usimtolee simu ya kurekodi kabla hujamaliza sahani. Picha mpe moja moja, usimmwagie zote. Na usiniambie theluji imefunga barabara, mbona ofisi ya kaunti umeipangia siku mbili? Yale makaratasi yamekaa kabatini miaka mia, yatakaa na wiki hii.

Hela uliyotuma tumenunulia tangi la maji, ila fundi kaliweka upande, linavuja kwenye banda la kuku. Mdogo wako hasaidii, yuko na mpira tu. Baba yako dawa za presha anameza akikumbuka. Ukipiga simu mgombeze, mimi hanisikii.

Shangazi yako kabadilisha namba, hiyo uliyo nayo haipatikani. Mpya nakutumia kwenye simu leo usiku. Mpigie kabla hujalipia hoteli.

Mama yako