Makocha wa kuogelea warekebishe kosa moja kwa wakati

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna watoto wetu wanavyorekebishwa katika mabwawa ya kuogelea hapa Moshi na kwa jirani zetu Arusha. Makocha wanajituma, nami nawashukuru, lakini upo utaratibu uliozoeleka ambao hausaidii: kocha husimama ukingoni na kupaza sauti, "Kichwa! Mkono! Miguu!", ilhali masikio ya mtoto yamo majini na hasikii lolote, kisha akifika ukutani akihema huamriwa kurudia mizunguko mingine kama adhabu.

Mizunguko hiyo humzoesha kosa lile lile. Tumchukue mtoto anayeogelea mtindo huru na miguu yake inazama. Huambiwa aipige kwa nguvu zaidi, naye hujitahidi mpaka pumzi zinamwishia, wakati chanzo kiko kwingine kabisa: anapovuta hewa huinua kichwa atazame mbele, na kichwa kikipanda, nyonga hushuka. Huyo afundishwe kutazama sakafu ya bwawa na kugeuza uso pembeni pamoja na kiwiliwili, jicho moja likibaki majini. Zoezi la kulala ubavu, mkono wa chini umenyooshwa mbele na miguu ikipiga taratibu, litamwelewesha kuliko hotuba ndefu, ambayo mwezi wa Julai humwacha akitetemeka kwa baridi tu. Kiwiko kinacholegea na mkono unaovuka mbele ya kichwa visubiri zamu yao.

Kocha Mmarekani James Counsilman, aliyemfundisha chuoni Mark Spitz, mshindi wa medali 7 za dhahabu za Olimpiki mjini Munich mwaka 1972, aliwapiga picha waogeleaji wake chini ya maji ili aone mikono inafanya nini hasa. Leo simu iliyoshikwa ukingoni yatosha kumwonyesha mtoto papo hapo jambo ambalo haamini kwamba analifanya, mradi wazazi tumeridhia na picha zinafutwa baadaye. Kipimo nacho hakina gharama: yahesabiwe mapigo ya mikono kutoka ukuta hadi ukuta, na yakipungua bila kasi kushuka, marekebisho yameingia.

Kwa kuwa samaki hukunjwa angali mbichi, nawaomba wasimamizi wa mazoezi watenge mwanzo wa kila kipindi, kabla watoto hawajachoka, kwa ajili ya kazi hii pekee, na kwa wale wadogo kocha aingie nao majini.

Mzazi wa mwogeleaji,
Moshi