Bado yumo

Mwanangu mpendwa,

Jana ulipotoka kumwona bibi yako uliniuliza, "Mama, bado yumo?" Nikakujibu ndiyo, nawe ukanitazama bila kuridhika. Jibu la mlangoni halikutosha, ndiyo maana nakuandikia.

Kiharusi kimempiga bibi kwenye shina la ubongo, kipande kifupi kama kidole kinachounganisha ubongo na uti wa mgongo. Wengi wanalijua kwa pumzi na mapigo ya moyo. Lina kazi kubwa kuliko hiyo. Mwaka 1949 wanasayansi Giuseppe Moruzzi na Horace Magoun walipitisha umeme kidogo katika shina la ubongo la paka, na mawimbi ya ubongo yakageuka kutoka ya usingizi yakawa ya mnyama aliye macho. Fahamu huamshwa kutoka huko chini. Wako watoto waliotolewa nusu nzima ya ubongo wa juu ili kutibu kifafa, wakabaki na fahamu zao na nafsi zao. Lakini jeraha dogo nyuma ya shina, sehemu yake ya juu, laweza kumzamisha mtu katika koma.

Mtaalamu wa ubongo Antonio Damasio anasema hata nafsi huanzia humo, kwa kuwa shina hupokea habari za mwili bila kukoma: njaa, maumivu, pumzi, kabla ya neno lolote. Wako wataalamu wanaosema nafsi hutoka ubongo wa juu. Mimi, tangu nianze kukaa na mama yangu kitandani, niko upande wa Damasio.

Jeraha la bibi yako liko mbele ya shina, zinakopita njia za kuamrisha mikono, miguu na ulimi. Nyuma kumesalimika. Kwa hiyo anasikia, anaelewa, anakujua. Na anaumia watu wanapomzungumzia mbele yake kana kwamba hayupo, jambo lililonitoa machozi wiki nzima. Alichobakiwa nacho ni kope, na macho kupanda na kushuka, maana amri ya mwendo huo hutoka juu ya palipoumia.

Ukirudi usisimame pembeni, macho yake hayageuki kando. Simama mbele yake, muulize maswali ya ndiyo au hapana. Juu ni ndiyo, chini ni hapana. Mpe muda.

Jana ulipoondoka nilimuuliza kama anataka nikuite tena. Alitazama juu kabla sijamaliza kuuliza.

Mama yako