Mdogo wangu anataka kusomea sauti, nami nilimwandalia ubunifu majengo

Ndugu Mshauri,

Salaam. Nakuandikia nikiwa Dar es Salaam, ambako kwa mwaka wa tisa sasa ninafanya kazi ya kuchora ramani katika ofisi ya wabunifu majengo. Jambo lenyewe linamhusu mdogo wangu wa kiume, anayeishi na mama yetu Tanga, na ambaye tangu baba yetu alipofariki masomo yake yamekuwa mikononi mwangu. Ana umri wa miaka 19, amemaliza kidato cha nne, na dirisha la maombi ya vyuo likifunguliwa sitakuwa tena na nafasi ya kuahirisha uamuzi. Akiba yangu ni shilingi milioni 3 na laki 8, ambayo kwa hesabu zangu inatosha ada na malazi ya mwaka wa kwanza na sehemu ya mwaka wa pili, wala haina nafasi ya kujaribu na kukosea.

Kosa moja tumekwisha kulifanya. Mwaka jana alijiunga na chuo kimoja cha binafsi kilichotangaza kozi ya miezi sita ya utayarishaji wa muziki, nikalipa laki 9 bila kuuliza usajili, na baada ya wiki chache tukagundua kwamba kozi hiyo haitambuliwi na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani NACTVET, na kwamba cheti chake kisingempeleka popote. Fedha hazikurudi. Kwa hiyo safari hii nimeamua kwamba, iwe fani yoyote ile, atasoma kwa ngazi zinazotambuliwa: ya 4, ya 5, kisha ya 6 ambayo ndiyo stashahada. Ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini ndio unaofungua mlango wa ngazi ya 4, naye anao, zikiwamo D za Hisabati na Fizikia zinazodaiwa na chuo nilichosoma mimi, na C katika uchoraji.

Mkono wake wa kuchora ndio uliotufanya sote nyumbani tuseme kwa miaka mingi kwamba atanifuata. Sikuishia kusema tu. Wakati wa likizo nilimfundisha AutoCAD, programu ya kuchorea ramani, kwenye kompyuta yangu, akachora nyumba ya mama chumba kwa chumba, pamoja na mkato wa paa, kwa usahihi ambao mwenzangu wa ofisini aliyesoma chuo hakuufikia katika mwaka wake wa kwanza. Nilizungumza hata na mkuu wangu wa kazi, naye akakubali kumpokea kwa mafunzo kwa vitendo. Njia ilikuwa imenyooka.

Lakini yeye anataka sauti. Si kuimba wala kupiga ala, bali kurekodi, kuchanganya na kusafisha sauti za wengine. Lilianza kwenye kikundi cha kaswida cha madrasa aliyosoma, ambacho kilitaka kurekodi kwa ajili ya Maulidi na hakikuwa na fedha za studio. Mdogo wangu alichukua chumba cha uani, akasimamisha magodoro matatu ukutani, akatundika khanga za mama katika kamba mbili mbele ya dirisha, kisha akawa anapiga makofi katikati ya chumba na kusikiliza, anasogeza godoro, anapiga tena, jioni nzima, mpaka akaridhika. Kwa maikrofoni moja ya kuazima na programu ya bure akatoa kaswida tano. Nilipozisikia nilishangaa: matari yalikaa nyuma, sauti za watoto mbele, na kila neno lilisikika.

Nilishangaa zaidi kwa sababu nilikumbuka somo la mwaka wangu wa pili chuoni. Mwalimu wetu wa sayansi ya majengo alitusimulia habari za Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, ambaye mwaka 1895 alipewa kazi ya kutafuta dawa ya ukumbi mmoja wa mihadhara ambamo sauti ya msemaji ilibaki ikivuma kwa zaidi ya sekunde 5, hivyo kwamba neno la kwanza lilikuwa halijafa na la kumi limekwisha kutamkwa. Usiku baada ya usiku Sabine alihamisha mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akaipanga, akapuliza bomba la kinanda na kupima muda ambao sauti ilichukua kufifia. Humo ndimo ilimotoka kanuni tunayoitumia hadi leo: zidisha ujazo wa chumba, kwa mita za ujazo, kwa 0.161, kisha gawa kwa jumla ya unyonyaji wa sauti wa kuta, dari, sakafu na vyote vilivyomo, nawe utapata muda huo wa kufifia kwa sekunde. Ukumbi wa muziki wa Boston uliofunguliwa mwaka 1900 ulijengwa kwa kufuata hesabu zake. Mdogo wangu hajawahi kulisikia jina la Sabine, lakini alichokifanya kwa magodoro ya mama ni kilekile.

Hapa naomba niseme ukweli kuhusu fani yangu, kwa sababu bila huo hutaelewa kinachonisumbua. Naipenda kazi hii. Napenda kuona msingi unachimbwa mahali nilipopiga mstari. Ila nilipojiunga na stashahada, mtu aliyekuwa akipokea wanafunzi chuoni aliniambia kwamba baada ya miaka michache kazini ningeweza kusajiliwa kuwa mbunifu majengo, nami nikaamini. Nilipofika ofisini ndipo nikajua kwamba usajili wa Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi unadai shahada, kisha mafunzo ya kazini chini ya msimamizi, kisha mtihani. Nimechora nyumba za watu, shule na zahanati, na kila seti ya michoro imekwenda halmashauri kuombewa kibali cha ujenzi ikiwa na mhuri wa mtu mwingine. Huo ndio utaratibu wa sheria, nao una sababu zake, kwani jengo likianguka lazima awepo wa kuulizwa. Nilichokosa ni mtu wa kuniambia mapema. Nilikusudia kurudi kusoma shahada, lakini fedha zikaenda kwenye shule ya mdogo wangu, jambo ambalo sijutii na sijawahi kumdai. Sasa kila ninapomsihi achague ubunifu majengo, najiuliza kama ninamtafutia riziki au ninamtuma akauchukue mhuri ambao mimi sikuupata.

Upande wa sauti nimefuatilia kadiri nilivyoweza. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1981 ikiwa Chuo cha Sanaa, ina mafunzo ya muziki na utayarishaji wa sauti katika mfumo wa NACTVET, na hiyo ndiyo anayoililia. Mtu mmoja alinishauri nimpeleke Zanzibar, kwenye chuo cha muziki wa nchi za jahazi, yaani za mwambao wa Bahari ya Hindi, kilichoanzishwa mwaka 2002, lakini pale moyo wa masomo ni ala kama udi, ganuni na fidla, na mdogo wangu si mpigaji. Nilikwenda pia kuzungumza na prodyuza mmoja mwenye studio Sinza. Aliniambia bila kuficha kwamba hakusoma chuo chochote, kwamba mwimbaji haulizi cheti bali anasikiliza kazi, na kwamba miezi mingine studio hailipi hata umeme. Hata hivyo aliongeza kwamba vituo vya redio na televisheni vinapoajiri fundi sauti hutaka cheti kinachotambuliwa, na kwamba tamthilia za Kituruki zinazoingizwa sauti za Kiswahili zimewapa vijana kadhaa mshahara wa kila mwezi ambao muziki haukuwapa.

Mjomba wetu hataki kusikia habari ya studio, kwa kuogopa kazi za usiku. Mama hapingi, kwa kuwa kazi ya kwanza ya mwanawe ilikuwa kaswida, lakini uamuzi ameniachia mimi.

Kuna wazo la tatu ambalo sijamwambia mtu. Ofisini kwetu tumewahi kuchora msikiti na kumbi mbili za kanisa, na katika kazi zote tatu hakuna aliyekokotoa mwangwi. Kuta zilipakwa lipu ngumu, sakafu zikatiwa vigae, paa likanyanyuliwa juu kwa ajili ya hewa, na jengo lilipofunguliwa hotuba haikueleweka. Mwenye jengo akamwita fundi wa spika, fundi akaongeza spika nne, na mvumo ukazidi, kwa maana kuongeza nguvu ya sauti hakupunguzi muda wake wa kufifia. Mtu anayesoma mchoro wa jengo na mwenye sikio la fundi sauti angeyaona haya tangu kwenye karatasi, kabla tofali halijawekwa. Nadhani mdogo wangu anaweza kuwa mtu huyo. Naogopa tu kwamba nimelitunga wazo hili ili nimrudishe kwenye ubunifu majengo kwa mlango wa nyuma.

Naomba basi ushauri wako, na wa wasomaji waliopita katika chuo cha sanaa, studio au ofisi za michoro. Je, nimlipie Bagamoyo kama anavyotaka, nikijua kwamba fedha zitakatika katikati ya mwaka wa pili na itabidi yeye mwenyewe atafute kazi za harusi na redio ili amalize? Au aanze na stashahada ya majengo, ambayo hata kwa nusu ya elimu humpa mtu kazi ya kuchora ya kumlisha, kisha sauti aisome baadaye kwa fedha zake? Wanaojua kazi za sauti na majengo kwa pamoja waniambie pia ni mlango upi kati ya hiyo miwili ulio rahisi kuanzia kwa mtu mwenye D ya Hisabati. Na kama una namna ya kuzungumza na kijana wa miaka 19 bila yeye kuona kwamba anayelipa ada ndiye anayechagua, naomba unifundishe, maana mara mbili nimelianza mazungumzo hayo kwa simu na mara zote mbili amenijibu, "Sawa dada, utakavyoamua," kwa sauti ninayoifahamu tangu akiwa mdogo, sauti ya mtu aliyekwisha kukata tamaa.

Wako,
Dada wa Tanga, Dar es Salaam