Palpu ya mbao haina ushuru wa forodha, lakini bado kuna hela ya kulipa bandarini

Mteja anayetaka kuagiza palpu, yaani rojo la mbao la kutengenezea karatasi, kwa kawaida anatuuliza sisi mawakala wa forodha jambo moja: ushuru ni asilimia ngapi? Jibu ni sifuri. Kwenye Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, palpu iliyosagwa kwa mashine iko namba 4701.00.00 na huhesabiwa kuwa malighafi, hivyo kiwango chake ni 0%.

Ila sifuri hiyo ni ya ushuru wa forodha peke yake. VAT ya 18% iko palepale, na hukokotolewa juu ya bei ya mzigo pamoja na bima na nauli ya hadi Dar es Salaam. Kuna pia tozo ya maendeleo ya reli na ada ya kuchakata nyaraka za forodha. Mzigo ambao thamani yake imefika shilingi 40,000,000 utadaiwa VAT isiyopungua shilingi 7,200,000. Kama umesajiliwa VAT na bidhaa zako zinatozwa kodi hiyo, utaidai kwenye ritani zako, lakini siku ya kutoa kontena lazima uwe nayo mkononi. Kiwanda kidogo kisichoijua hesabu hii mapema huacha mzigo bandari kavu huku gharama za kuhifadhi zikipanda kila siku. Inatuuma kuona hivyo, kwa sababu ni hela ambayo ingewalipa vibarua.

Sasa namba yenyewe. Kwa tarakimu nne za mwanzo, forodha hawaangalii palpu ni nyeupe au ya kahawia, wala unakwenda kuitumia kwa nini. Wanaangalia ilitengenezwaje. Magogo yaliyomenywa magome yakasagwa kwa jiwe au diski za chuma huku maji yakipita, hiyo ni 4701. Vipande vya mbao vikipitishwa kwenye mvuke kabla ya kusagwa, bado ni 4701, maana mvuke si kemikali. Lakini vikitiwa dawa kwanza, ndipo visagwe, palpu inahamia 4705. Hii ndiyo ambayo wauzaji wa nje huiandika BCTMP kwenye ankara, na ndiyo inayochanganywa na 4701 mara nyingi kuliko zote. Palpu iliyopikwa kwa kemikali mpaka lignini ikatoka, ile gundi ya asili inayoshikilia nyuzi za mti, ni 4703 kwa njia ya salfeti na 4704 kwa njia ya salfiti. Palpu ya kusaga haitolewi lignini hiyo, ndiyo sababu gazeti lililoachwa juani hugeuka manjano. Ninyi watengenezaji wa trei za mayai mnaonunua magazeti chakavu, mzigo wenu uko 4707.

Namba zote hizo ziko sura ya 47 ya orodha ya ushuru, na kiwango ni sifuri. Basi kuna haja gani ya kuhangaika? Haja ipo. Tamko lako la forodha likisema 4701 na karatasi ya muuzaji ikitaja kemikali, ofisa wa forodha ana haki ya kusimamisha mzigo na kuchukua sampuli ikapimwe, na kontena linasubiri majibu. Tena jirani na sura ya 47 kuna sura ya 48, ya karatasi na vitu vilivyotengenezwa kwa palpu, na huko sifuri haikufuati. Trei za mayai zilizokwisha kufinyangwa ni 4823. Bidhaa nyingi zilizokamilika hutozwa 25%: kwa mzigo uleule wa milioni 40, ushuru ni milioni 10, na VAT nayo inapanda hadi milioni 9. Ankara iliyoandikwa kijuujuu “bidhaa za palpu” inakualika kwenye mjadala huo bila sababu. Na mzigo ukishatoka si mwisho, kwani Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) wanaweza kudai kilichopungua hadi miaka 5 baadaye.

Kwa hiyo, kabla hujamlipa muuzaji, mtake karatasi ya vipimo inayoeleza njia ya utengenezaji, aina ya mti na kiwango cha unyevu. Usilipuuze hilo la unyevu. Palpu huuzwa kwa tani ya ukavu wa hewa, yaani inayohesabiwa kuwa na maji 10%, hivyo uzito wa kwenye ankara unaweza kutofautiana na ule wa kwenye hati ya shehena bila mtu kudanganya. Maelezo yakiwemo kwenye nyaraka tangu mwanzo, swali la ofisa linajibiwa papo hapo.

Ukiwa na shaka ya kweli kati ya 4701 na 4705, sheria ya forodha ya Jumuiya inakuruhusu kumwomba Kamishna uamuzi wa awali kabla ya kuagiza. Kwa anayekusudia kuleta makontena mwaka mzima, sisi tunaona hiyo ndiyo njia bora. Na kama mzigo umeshafika ukapewa namba usiyokubaliana nayo, una siku 30 tangu uamuzi utolewe kuomba upitiwe upya, kwa maandishi na kwa sababu. Tuletee ankara, hati ya shehena na karatasi ya vipimo wiki ya kwanza, siyo ya nne.